Nitrojini Yenye Alama: Jinsi Madaktari Wanavyofuata Safari ya Chakula Katika Mwili wa Mtoto

Jambo nililoombwa kulizungumza nanyi leo ni jambo ambalo watu wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza hucheka kidogo, kisha huingiwa na wasiwasi. Jambo lenyewe ni mkojo wa mtoto mdogo, na sababu inayowafanya madaktari wautake.

Chukueni mfano huu. Mama mmoja, tuseme wa Bahati, au wa Molo, au wa Subukia, amemleta mwanawe hospitali. Mtoto amevimba miguu, nywele zake zimefifia rangi, ngozi yake inambambuka, hataki kucheza wala kula. Amelazwa. Baada ya siku kadha daktari anamjia yule mama na kumwambia, "Mama, naomba ruhusa yako. Nataka kumnywesha mwanao kitu kidogo kilichotiwa alama, kisha nikusanye mkojo wake wote, usiku na mchana, upate kupimwa." Je, mama yule ajibu nini?

Sote twajua kwamba mkojo, nywele na kucha ni vitu ambavyo wazee wetu hawakupenda viangukie mikononi mwa mtu wasiyemjua. Basi wasiwasi wa mama yule si ujinga. Ni haki yake kuuliza, na ni wajibu wa aliyesoma kumjibu kwa lugha anayoielewa.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya Kiingereza yapate kusomwa kwa Kiswahili. Lakini mfasiri hawezi kufasiri jambo asilolielewa, kwa hiyo imenibidi kuyasoma mambo haya hatua kwa hatua, na ningependa tuzifuate hatua zile zile pamoja.

Nitrojini ni kitu gani?

Hewa tunayoivuta ina vitu mbalimbali, na kilicho kingi kupita vyote ni nitrojini. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 hivi ni nitrojini. Twaivuta na kuitoa, wala haitufai kitu kwa njia hiyo. Hata hivyo bila nitrojini hakuna nyama ya mwili, hakuna damu, hakuna mtu. Mwili huipata katika chakula, nayo imefungwa ndani ya kile kitu kiitwacho protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika kila gramu 100 za protini, gramu 16 hivi ni nitrojini.

Wakulima wa Njoro na Rongai wanajua habari hii kwa upande mwingine. Maharage na njegere zina vinundu katika mizizi yake, na ndani ya vinundu hivyo mna vijidudu vyema ambavyo huinasa nitrojini ya hewa na kuigeuza ikafaa mmea. Ndiyo sababu maharage yana protini nyingi, na ndiyo sababu shamba lililolimwa maharage mwaka huu huweza kulisaidia hindi la mwaka ujao. Ng'ombe hula majani na kutupa maziwa. Mtoto hunywa maziwa akajenga nyama yake. Hivyo nitrojini hutembea kutoka hewani mpaka katika mkono mdogo unaoshika kikombe.

Na mwisho wa safari je? Protini ikibomolewa mwilini, nitrojini yake hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu. Ini huichukua na kuigeuza kuwa kitu kisichodhuru kiitwacho yurea. Figo huichuja yurea kutoka katika damu, nayo hutoka pamoja na mkojo. Basi anayeupima mkojo wa mtoto anaisoma habari ya protini iliyokwisha kubomolewa ndani ya mwili wake.

Daftari la duka halitoshi

Kwa miaka mingi wataalamu walipima hivi: nitrojini iliyoingia katika chakula ni kiasi gani, na iliyotoka katika mkojo na choo ni kiasi gani. Iliyoingia ikizidi iliyotoka, mtoto anakua. Iliyotoka ikizidi, mtoto anakwisha. Kipimo hicho ni kizuri, nacho kingali kikitumika. Lakini ni kama daftari la duka linaloonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka tu. Halionyeshi mali iliyomo rafuni, wala jinsi bidhaa zinavyohamishwa usiku kutoka rafu hii hadi rafu ile.

Hata mizani na kamba ya kupimia urefu zina mpaka wake. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitoa taarifa juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai hapa Kenya. Waliandika kwamba wanaume Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, kwa wastani walikuwa warefu kuliko wanaume Wakikuyu kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Taarifa hiyo ilisomwa sana, na wanahistoria wa baadaye wameikosoa vilevile, hasa kwa namna ilivyokieleza chakula cha wanawake. Lakini hata kama vipimo vyote vingekuwa sawa kabisa, vilimpima mtu kwa nje. Havikuweza kusema chakula kikishapita kooni kinakwenda wapi.

Mbuzi wenye alama

Hapo ndipo panapoingia nitrojini yenye alama. Wafugaji mlioko hapa mtanielewa upesi.

Tuseme una kundi kubwa la mbuzi katika tambarare ya Gilgil, nawe hujui idadi yake wala huna nafasi ya kuwahesabu wote. Chukua mbuzi 10 wenye alama masikioni, uwaache wachanganyike na kundi. Kesho yake simama langoni uhesabu mbuzi 100 wanaopita. Ukiona kwamba 2 kati yao wana alama, utajua kwamba kundi lote lina mbuzi wapatao 500. Hukuwahesabu wote; alama imekuhesabia. Alama zikionekana nyingi langoni, kundi ni dogo. Zikionekana chache, kundi ni kubwa.

Basi nitrojini nayo ina namna mbili zinazodumu: ile nyepesi, ambayo ndiyo karibu yote, na ile nzito. Katika kila chembe 270 hivi za nitrojini, moja ni nzito, nayo imo hewani, imo katika ugali, na imo katika mwili wa kila mmoja wetu tangu kuumbwa ulimwengu. Namna kama hizi za kitu kimoja, zilizotofautiana kwa uzito tu, wataalamu huziita isotopu. Mwili hauzibagui sana. Huzitumia zote mbili karibu sawasawa. Lakini ipo mashine inayoweza kuzitenga nzito na nyepesi na kuzihesabu. Kwa hiyo mtaalamu akitengeneza chakula chenye nitrojini nzito nyingi kuliko kawaida, amekwisha kuwatia mbuzi wake alama, na lango lake ni mkojo.

Aliyeifungua njia hii alikuwa Rudolf Schoenheimer, mtaalamu aliyeiacha Ujerumani mwaka wa 1933 na kwenda New York, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na David Rittenberg. Mwaka wa 1939 yeye na wenzake walitangaza habari za panya wakubwa, wasiokua tena, waliolishwa kipande cha protini chenye nitrojini nzito. Watu walidhani kwamba, kwa kuwa panya hao hawakui, alama yote ingetoka upesi katika mkojo. Haikuwa hivyo. Katika siku chache chini ya theluthi moja ndiyo iliyotoka katika mkojo, na zaidi ya nusu ilionekana imekwisha kuingia katika nyama ya miili yao.

Maana yake nini? Maana yake mwili si nyumba ya mawe iliyojengwa mara moja ikaachwa. Mwili ni kama nyumba ya udongo ambayo kila siku mwenyewe huibandua kipande cha ukuta na kukikandika tena, hata siku ambayo haiongezi chumba. Tukilala usiku, mafundi wamo kazini.

Habari iliyopatikana kwa watoto

Sasa turudi kwa mtoto aliyevimba miguu. Ugonjwa wake huitwa kwashakoo. Jina hilo ni la lugha ya Waga wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake azaliwapo, yaani aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati. Daktari Cicely Williams aliueleza katika mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akalitumia jina hilo katika gazeti la madaktari, akiuhusisha na watoto waliolishwa mahindi. Huku kwetu Afrika ya Mashariki Daktari Hugh Trowell, aliyeanza kazi yake Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia Uganda mwaka wa 1935, aliushughulikia miaka mingi. Na mwaka wa 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo, kilichotokana na kazi ya Kampala.

Mwaka ule ule wa 1954 Daktari John Waterlow alianzisha kituo cha uchunguzi katika kisiwa cha Jamaica, na huko ndiko nitrojini nzito ilikotumika sana kwa watoto wenye utapiamlo. Mwaka wa 1969 David Picou na Taylor-Roberts waliandika jinsi walivyofanya. Mtoto alipewa kidogo kidogo, kwa saa nyingi mfululizo, kipande cha protini kiitwacho glaisini, chenye nitrojini nzito. Mkojo wake ulikusanywa, na alama iliyokuwamo katika yurea ikapimwa. Kama vile mbuzi langoni, uchache wa alama uliwaonyesha ukubwa wa mkondo wa nitrojini unaopita mwilini. Na kutokana na huo wakapata hesabu ya protini inayojengwa na inayobomolewa kila siku.

Nawaombeni mzishike habari tatu zilizopatikana kwa njia hizo.

Habari ya kwanza ni kwamba mtoto mwenye afya ni fundi asiyelala. Kila siku mwili wa mtoto mdogo hujenga upya gramu 6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na hiyo ni karibu mara mbili ya mtu mzima. Basi mtoto wa kilo 10 hujenga gramu 60 kwa siku, ilhali chakula chake kinatakiwa kumpa gramu 11 au 12 tu. Zilizobaki hutoka katika ukuta wake mwenyewe: hubomoa na kujenga tena kwa udongo ule ule. Kile kinachoongezwa na chakula ni kidogo, lakini kikikosekana siku baada ya siku, ukuta huanza kupungua.

Habari ya pili ni kwamba mtoto mwenye njaa hugeuka kuwa mtu wa kubana matumizi. Hupunguza kujenga na hupunguza kubomoa. Yurea katika mkojo wake hupungua. Tena sehemu ya yurea iliyokwisha kutengenezwa haitoki. Huingia matumboni, na vijidudu vilivyomo humo huivunja, nitrojini yake ikarudishwa mwilini kutumika mara ya pili. Angalieni hekima ya Mungu katika kiumbe mdogo namna hii! Lakini hekima hiyo ina hatari yake kwetu sisi wazazi. Mtoto anayebana matumizi hukaa kimya. Halii sana, hakimbii, hasumbui. Jirani husema, "Mtoto huyu ana adabu." Kumbe si adabu, ni mwili uliozima taa za vyumba vyote ili kuokoa mafuta ya taa moja.

Habari ya tatu ni kwamba mtoto huyo akitibiwa na kulishwa vizuri, mafundi hurudi kazini kwa nguvu kubwa. Katika siku zile za kupona na kuongezeka uzito upesi, protini hujengwa kwa wingi kupita hata ya mtoto aliyekwisha kupona kabisa. Nyumba iliyobomoka husimama tena, mradi fundi aitwe mapema.

Kosa linalotokana na huruma

Hapa pana jambo ambalo laweza kuokoa maisha. Mzazi akiona mwanawe amevimba kwa utapiamlo, na akisikia kwamba protini ndiyo inayojenga mwili, huenda akasema, "Nitachinja kuku leo leo, na mtoto ale nyama na mayai mpaka ashibe." Anasema hivyo kwa huruma, lakini anaweza kumdhuru. Mwili uliobana matumizi kwa majuma mengi, ini likawa dhaifu na figo zikawa zimelegea, hauwezi kuupokea mzigo mkubwa kwa ghafula. Kwa sababu hiyo hospitali huanza na maziwa maalumu mepesi yenye protini chini ya gramu 1 katika kila mililita 100, yakitolewa kidogo kidogo mchana na usiku, huku daktari akitibu maambukizo na kumkinga mtoto na baridi. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo hupewa maziwa mazito yenye protini karibu gramu 3 katika mililita 100, au chakula maalumu cha njugu na maziwa. Kwa hiyo mzazi akimwona muuguzi akipima kikombe kidogo, asidhani kwamba hospitali ina uchoyo.

Sharti niongeze neno la haki. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kwashakoo ni upungufu wa protini tu, basi. Siku hizi hawasemi hivyo. Watoto wawili huweza kula chungu kimoja, mmoja akavimba na mwenzake asivimbe. Mwaka wa 2013 ulitangazwa uchunguzi wa watoto mapacha wa Malawi ulioonyesha kwamba vijidudu vya matumboni navyo vina sehemu katika ugonjwa huo. Maradhi kama surua na kuhara, na chakula kisicho na nguvu ya kutosha, huingia pia katika hesabu. Elimu ya kweli haioni haya kujisahihisha.

Yatuhusu nini sisi wa Nakuru?

Huenda mtu akauliza, "Hayo ni ya New York na Jamaica. Sisi wa Bonde la Ufa yatuhusu nini?"

Yatuhusu kwa njia nyingi. Hata mifupa iliyomo katika ardhi yetu imeandikwa kwa nitrojini. Karibu na mji wa Nakuru, mahali paitwapo Hyrax Hill, Mary Leakey alianza kuchimba mwaka wa 1937 akaona makaburi ya watu wa kale. Baadaye mtaalamu mwingine, Stanley Ambrose, alifanya kazi katika Bonde hili la Ufa la kati, na mwaka wa 1986 yeye na Michael DeNiro walionyesha kwamba, kwa kupima isotopu za kaboni na nitrojini katika mifupa ya watu wa Kenya na Tanzania, mtu aweza kuwatambua wafugaji na wakulima wa zamani kwa chakula walichokula. Walipima mifupa ya wanyama wa Afrika ya Mashariki pia, wakaona kwamba wale wanaovumilia ukame wana nitrojini nzito nyingi kuliko wale wasioweza kukaa mbali na maji. Nao wakaihusisha tofauti hiyo na namna mnyama anavyobana maji na kuitoa yurea katika mkojo. Na imeonekana kwingineko kwamba mtoto anyonyaye huwa na nitrojini nzito kidogo zaidi ya mama yake, kwa maana yeye hula kutoka katika mwili wa mama. Akiachishwa ziwa, tofauti hiyo hupungua. Hivyo hata ukucha wa mtoto huweza kusimulia siku alipoacha kunyonya.

Uchunguzi wa isotopu umefika pia kwa akina mama walio hai katika nchi yetu. Mwaka wa 2005 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa akina mama wanaonyonyesha huko Pokot, kwa kutumia maji yenye haidrojeni nzito. Mama hunywa maji hayo kidogo, kisha mate yake na ya mtoto hupimwa kwa siku kadha. Kwa njia hiyo hujulikana mtoto amenyonya maziwa kiasi gani, bila kumpima mizani kila anyonyapo. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lililoanzishwa mwaka wa 1957, husaidia uchunguzi wa namna hii katika nchi nyingi za Afrika.

Tena shida yenyewe haijatuondokea. Katika hesabu ya nchi nzima ya mwaka wa 2022, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyowapasa kwa umri wao. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Tumesonga mbele, lakini 18 si kidogo, wala mtoto aliyedumaa hayuko mbali nasi.

Mama ajibu nini?

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Watu wakisikia neno atomu, hukumbuka Hiroshima, mji uliotupiwa bomu mwaka wa 1945. Lakini nitrojini nzito haitoi mionzi. Hailipuki, haiozi, haichomi. Imo katika uji wa mtoto tangu zamani, na daktari anaiongeza kidogo tu. Hata hivyo zipo isotopu nyingine zinazotoa mionzi, nazo zilitumika katika uchunguzi wa miaka ya 1960. Kwa hiyo mzazi asione haya kuuliza.

Mimi ningemshauri aulize maswali manne. Kwanza: kitu hiki mnachompa mwanangu, je, kinatoa mionzi au hakitoi? Pili: je, uchunguzi huu utamfaa mwanangu mwenyewe, au ni wa kuwafaa watoto watakaokuja baadaye? Maana mambo yote mawili ni mema, lakini si jambo moja. Tatu: nikikataa, je, matibabu ya mwanangu yataendelea vilevile? Jibu la swali hili lazima liwe ndiyo. Nne: ni nani aliyewapa idhini? Hapa Kenya uchunguzi wa namna hii hauwezi kufanywa bila kupitishwa na kamati ya maadili na kupata kibali cha tume ya taifa ya sayansi. Mzazi akijibiwa vizuri akaridhika, na atie sahihi kwa moyo mweupe. Asiporidhika, na akatae kwa adabu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na daktari mwema hachukizwi na swali.

Mashine za kuhesabu nitrojini si za kila hospitali, wala si kila mtoto anayehitaji kupimwa nazo. Watoto wachache wa Jamaica walipimwa ili sisi sote tujue. Basi tuitumie elimu hiyo majumbani mwetu.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Uji wa mahindi mwepesi hujaza tumbo wala haujengi ukuta. Protini ya mahindi ina upungufu wake, na maharage huuziba upungufu huo. Bibi zetu waliopika mahindi na maharage katika chungu kimoja walikuwa na hekima ambayo maabara zimekuja kuithibitisha. Kwa mtoto, chakula hicho kipondwe kilainike. Kiongezwe yai, au maziwa, au omena iliyosagwa, au samaki wa Naivasha aliyetolewa miiba. Tena kitiwe mafuta kidogo, kwa maana mtoto akikosa chakula cha kutia nguvu, mwili wake huichoma protini kama kuni. Ni hasara kuchoma mbao za ujenzi kwa kutafuta moto wa kupikia.

Na kila mzazi ajifunze kutazama. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, uhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Peleka mtoto apimwe mkono kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono uliopungua sentimita 11 na nusu ni dalili ya hatari. Wala usimsifu upesi mtoto aliyeacha kucheza. Mwulize muuguzi kwanza.

Mabibi na Mabwana, nitrojini yenye alama imetufundisha kwamba mwili wa mtoto unabomolewa na kujengwa kila siku, hata tusipoona. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtoto ufa huzibwa kwa bakuli moja la chakula chema leo, na jingine kesho, na jingine keshokutwa. Kujenga ukuta upya kwawezekana, lakini ni kazi ya hospitali, nayo ina hatari. Tuzibe ufa.